Naomba ushauri: sindano za Kichina mguuni zinatulizaje maumivu ya hedhi, na ubongo unahusikaje?

Mama Nuru (Morogoro)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nina binti wa miaka 19, mwanafunzi wa chuo, ambaye tangu avunje ungo huteseka kila mwezi kwa maumivu makali ya tumbo la chini yanayoshuka hadi mapajani na kumtapisha. Siku ya kwanza na ya pili hawezi kwenda darasani. Bibi yake anasema ni chango na amemchemshia mizizi ya kila aina. Hospitali alipewa ibuprofeni, ambayo humsaidia kiasi tu.

Wifi yangu anayeishi Zanzibar, ambako madaktari wa Kichina wamekuwa wakihudumu tangu mwaka 1964, ametushauri tujaribu akupancha, yaani tiba ya sindano za Kichina. Tulikwenda kuulizia kwa mtaalamu mmoja, naye akatueleza kwamba atachoma sindano juu ya kifundo cha mguu na kwamba tiba hiyo "inafanya kazi kwenye ubongo". Binti yangu alitoka pale akilia, kwa sababu alipokuwa sekondari aliambiwa mara nyingi kwamba maumivu yake ni ya kichwani tu, na sasa alidhani anaambiwa hivyo tena.

Naomba mwenye ujuzi anieleze: sindano ya mguuni inafikaje kwenye ubongo, na ubongo unahusikaje na tumbo la hedhi? Je, kuna ushahidi, au ni kujifariji?

Mwalimu wa Fiziolojia

Mama Nuru, poleni sana. Naanza na hilo lililomliza binti, kwa kuwa ndilo zito zaidi. Tiba kufanya kazi kwenye ubongo hakumaanishi kwamba maumivu ni ya kuzua. Hata aliyevunjika mguu huyahisi maumivu kwa ubongo wake, na hakuna anayemwambia kwamba mfupa wake ni mzima.

Hedhi inapokaribia, homoni ya projesteroni hushuka, na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizi huufanya msuli wa mfuko huo ujikaze kwa nguvu kiasi cha kubana mishipa ya damu inayoulisha, na msuli uliopungukiwa damu huuma. Taarifa ya maumivu hupanda kwa neva hadi kwenye uti wa mgongo, kisha kwenye thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachopokea taarifa za hisia, na kutoka hapo husambazwa kwenye sehemu za ubongo zinazotambua mahali na ukali wa maumivu, pamoja na zile zinazoyaambatanisha na hofu na unyonge. Watafiti wa Taiwan walichapisha mwaka 2010 uchunguzi wa picha za ubongo za wanawake wenye maumivu makali ya hedhi, wakakuta tofauti za ujazo katika sehemu kadhaa zinazohusika na maumivu, ingawa picha hizo zilipigwa katika siku ambazo wanawake hao hawakuwa wakiumwa. Mwonyeshe binti habari hii. Mateso ya kila mwezi yanaweza kuacha alama inayoonekana.

Sasa sindano. Ni nyembamba mno na haina dawa ndani yake. Sehemu inayotumika sana kwa maumivu ya hedhi Wachina huiita Sanyinjiao, nayo iko upande wa ndani wa mguu, upana wa vidole vinne juu ya kifundo. Jirani na hapo hupita neva kubwa ambayo mizizi yake huingia sehemu ya chini ya uti wa mgongo, na baadhi ya mizizi hiyo huingia mahali pale pale zinapoingia neva za viungo vya nyonga. Jambo hili si geni hospitalini: madaktari wa njia ya mkojo huchoma sindano karibu na hapo hapo na kupitisha umeme mdogo ili kutuliza kibofu cha mtu anayebanwa na haja ndogo kila mara.

Msisimko wa sindano hupanda hadi ubongo wa kati, ambako kuna eneo linalotuma amri za kushuka kwenye uti wa mgongo ili kupunguza taarifa za maumivu zinazopanda. Katika kazi hiyo mwili hutumia endofini na enkefalini, ambazo hutenda kama mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, lakini hutengenezwa na mwili wenyewe. Mwaka 1977 Mayer, Price na Rafii walionyesha nchini Marekani kwamba nafuu ya sindano dhidi ya maumivu ya jino huondoka mtu akipewa naloksoni, dawa inayozuia mofini. Kabla ya hapo Profesa Han Jisheng wa Beijing alikuwa amechukua majimaji ya ubongo ya sungura aliyechomwa sindano, akayahamishia kwa sungura mwingine, na huyo wa pili naye akawa anavumilia maumivu zaidi.

Mwana wa Kilifi

Mimi nimetibiwa kwa sindano hizi kwa maumivu kama ya binti yako, dada. Uchomaji wenyewe si wa kuogopwa. Kinachofuata ni hisia ya uzito na ganzi inayotambaa mguuni. Maumivu yangu yalipungua, nikaweza kwenda kazini, lakini hayakuisha, na nilipoacha yalirudi polepole.

Mfamasia

Maelezo ya Mwalimu kuhusu njia ya neva ni sahihi, lakini kujua njia si sawa na kuthibitisha tiba. Mwaka 1978, Levine, Gordon na Fields walionyesha kwamba hata nafuu ya dawa ya kuigiza isiyo na tiba ndani yake, kwa watu waliong'olewa meno, huzuiwa na naloksoni. Maana yake ni kwamba endofini hutolewa hata na matumaini ya kupona. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walilinganisha sindano halisi na za kuigiza kwa wagonjwa wa fibromayaljia, yaani maumivu ya muda mrefu ya mwili mzima: vipokezi vya mofini katika ubongo viliitikia kwa namna tofauti, lakini maumivu yalipungua karibu sawa katika makundi yote mawili.

Kwa hedhi yenyewe, jaribio la Helms la mwaka 1987 lilikuwa na wanawake 43, na katika waliochomwa sindano halisi 10 kati ya 11 walipata nafuu, dhidi ya 4 kati ya 11 waliochomwa za kuigiza. Inapendeza, lakini idadi ni ndogo. Ujerumani, mwaka 2008, wanawake 201 walifuatiliwa, na baada ya miezi mitatu wastani wa maumivu ulikuwa 3.1 kwa waliochomwa na 5.4 kwa wasiochomwa. Tatizo ni kwamba kila mmoja alijua yuko kundi gani. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yaliyokusanya majaribio 42 yenye wanawake 4,640, yalihitimisha kwamba ushahidi hautoshi kusema sindano zinafanya kazi au hazifanyi.

Kwa hiyo, mama, sikukatazi. Ninachoomba ni uulize kwanza binti anamezaje ibuprofeni. Wengi husubiri hadi wazidiwe, ilhali dawa hiyo huzuia prostaglandini zisitengenezwe, na zikishatengenezwa inakuwa imechelewa. Aanze mara tu dalili za kwanza zinapojitokeza, ameze baada ya kula, na aendelee kwa saa na kipimo alichoandikiwa katika zile siku mbili tatu mbaya, ilimradi hana vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu inayochochewa na dawa za namna hiyo. Chupa ya maji ya moto tumboni nayo ina ushahidi mzuri.

Mama Nuru

Nawashukuru mno. Nimemsomea binti maelezo ya Mwalimu na ameyasoma tena mwenyewe. Ni kweli, humeza dawa akiwa tayari anatapika. Nina maswali mawili yaliyobaki: je, sindano hizi zina madhara? Na amenieleza leo jambo ambalo hakuwahi kuniambia, kwamba miezi ya karibuni maumivu huanza siku kadhaa kabla ya damu, na katika hedhi huumia sana anapokwenda haja kubwa. Je, sindano zitasaidia na hilo?

Muuguzi Mkunga

Mama Nuru, nalijibu la pili kwanza. Maumivu yanayotangulia damu kwa siku kadhaa, yanayoongezeka mwaka hadi mwaka, na yanayoambatana na uchungu wakati wa haja kubwa, yanaweza kuwa dalili za endometriosisi, yaani tishu inayofanana na utando wa mfuko wa uzazi kuota nje ya mfuko huo. Sindano, hata zikituliza, hutuliza jinsi ubongo unavyoyapokea maumivu. Haziondoi tishu hiyo. Kwa hiyo amwone daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake kabla ya kuanza sindano. Akipigwa picha ya ultrasaundi na kuambiwa kila kitu kiko sawa, msikubali suala lifungwe hapo, kwa sababu ugonjwa huu mara nyingi hauonekani kwenye picha hiyo.

Kuhusu madhara, akupancha kwa mikono yenye ujuzi ni salama kwa wengi; huacha michubuko midogo au kizunguzungu cha muda. Hatari kubwa ni sindano iliyokwishatumika kwa mtu mwingine, inayoweza kuleta homa ya ini, hivyo pakiti ifunguliwe mbele yenu. Mtaalamu ajulishwe kama binti anatumia dawa za kuyeyusha damu au kama kuna uwezekano wa ujauzito. Kwa Tanzania Bara, mtoa huduma awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002, na msione haya kuomba kuona cheti chake.

Kabla ya kwenda kwa daktari, binti aandike kwa mizunguko miwili: siku maumivu yanapoanza, siku damu inapoanza, ukali kwa alama 0 hadi 10, dawa aliyomeza na saa aliyomeza, na siku alizoumia kwa haja kubwa au ndogo. Daftari hilo ampe daktari alisome mwenyewe, na wewe uwemo ndani ya chumba ikiwa binti ataridhia. Akianza kuzimia, kupata homa, au kulowesha pedi kila saa, msisubiri mizunguko hiyo. Mpelekeni siku hiyo hiyo.