Tupeane uzoefu: kiangazi kwenye nyumba ya shamba na bustani yake kimekufundisha nini?

#1
Wadau, salaam.

Kwa sisi tunaoishi shamba, kwenye nyumba yenye kabustani ka mboga na miti miwili mitatu ya matunda, kiangazi ni kipindi cha kazi na raha kwa wakati mmoja. Mlango wa uani unashinda wazi, watoto hawakai ndani, kila kitu kinazaa au kinakauka. Naomba tupeane uzoefu: ni jambo gani ulilijua baada ya kuumia? Tusiandike ya kusikia, tuandike yaliyotukuta.

Naanza mimi. Miaka mitatu nyuma nilipanda nyanya mistari minne. Zikabeba vizuri mno, kila mpita njia anasifia. Asubuhi moja nikageuza tunda lililoanza kuiva nikakuta kitako cheusi, kimebonyea kama kimeminywa na dole gumba, kikavu na kigumu kama ngozi ya kiatu. La pili vilevile. Mstari mmoja nilihesabu kumi na saba. Nikajua ni ugonjwa, nikapulizia dawa ya ukungu mara mbili. Fedha ikaenda, vitako vikaendelea kuwa vyeusi.

Kumbe haukuwa ukungu. Kule ni kuoza kitako: tunda limekosa kalsiamu. Na mara nyingi kalsiamu ardhini ipo, ila inapanda na maji tu, na kitako cha tunda ndicho kinachofikiwa mwisho. Mimi nilikuwa namwagilia kwa kubahatisha, siku tatu nimesahau, ya nne nafurisha mpaka maji yanasimama. Nikaacha dawa, nikashika ratiba, nikatandaza nyasi kavu unene wa vidole vinne, nikaacha nafasi kuzunguka shina lisije likaoza. Matunda yaliyokwisha kuharibika hayaponi, niliyachuma nikayatupa. Yaliyofuata yalitoka safi kabisa.

Karibuni.

#2
Asante mkuu kwa uzi huu. Yangu ni ya dakika moja lakini iliniuma msimu mzima.

Nilikuwa na miche ya kabichi niliyoilea kitaluni wiki tano, nikaihamishia bustanini. Siku ya tatu, saa nane mchana, naiona imelala. Nikakimbilia mpira wa maji uliokuwa umeachwa juani tangu asubuhi, nikafungua bomba, nikaelekeza kwenye mstari. Nilishtuka maji yaliponirukia mguuni: ya moto, ya kuunguza. Yale yaliyokuwa yamekaa ndani ya mpira yote yalikuwa yameishia kwenye miche. Kesho yake majani yalikuwa laini na yamebadilika rangi, kama mboga iliyopitishwa kwenye maji yanayochemka.

Tangu hapo maji ya mwanzo nayamwaga pembeni mpaka mkono wangu uhisi ubaridi. Lingine nililojifunza ni kwamba jani kulegea mchana si lazima iwe kiu. Jua likiwa kali jani linapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoleta, hasa maboga na mimea yenye majani mapana. Nachomeka kidole ardhini. Chini kukiwa na unyevu, nauacha mmea. Ukiamka alfajiri ukaukuta bado umelegea, hapo una kiu kweli.

#3
Naomba kuuliza wakuu, basi wakati mzuri wa kumwagilia ni asubuhi au jioni? Mimi narudi nyumbani jioni ndiyo namwagilia.

#4
Mimi ni mtu mzima kidogo humu, nimekaa shamba zaidi ya miaka 40. Mwanangu wa #3, alfajiri ndiyo bora. Maji yanazama kabla jua halijayanyakua, na jani likiloa linakauka mapema. Jioni si dhambi, ila mwagia shinani, usiogeshe majani. Majani yakilala na maji usiku kucha unakaribisha ukungu, na konokono nao wanafurahia.

Usimwagie kidogokidogo kila siku. Maji ya juujuu yanafundisha mizizi kukaa juu, na huko juu ndiko kunakochomeka. Mwagia kwa wingi, maji yashuke, kisha subiri. Bustani nyingi za mboga zinatosheka na kama lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, joto likizidi unaongeza, na udongo wa kichanga unaugawia mara nyingi zaidi kwa sababu haushiki maji.

Hesabu yangu nyingine ni ya bati. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 10 tu, hizo ni lita 600, ukitoa kidogo kinachomwagika. Mimi nilikaa miaka mingi nikiangalia maji hayo yakichimba mtaro nyuma ya jiko, halafu kiangazi nabeba ndoo kutoka mbali. Siku nilipofunga mifereji na kuweka tenki, nilijuta kwa miaka niliyoipoteza.

Na kwa asiye na mpira wala tenki kubwa, kuna mtungi. Nachukua mtungi wa udongo usiopakwa rangi wala king'arisha, nauzika mpaka shingoni katikati ya mimea, naujaza, nafunika mdomo. Maji yanapenya taratibu kwenye kuta zake, na udongo ukikauka unavuta zaidi. China walishaandika kuhusu njia hii zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Ukiuchimbua mwisho wa msimu unakuta mizizi imeukumbatia pande zote, myembamba kama nywele, imejishikiza hata huwezi kuubandua bila kuikata. Mimi hilo nikiliona huwa nakaa chini nalitazama.

#5
Shikamoo mzee wangu wa #4. La mtungi nimelinakili, wiki hii nachimba.

#6
Jamani mimi naomba niongelee watu, si mimea tu.

Mume wangu anapenda jembe. Mwaka ule joto lilikuwa la kutisha, na yeye alisema atamaliza kipande kilichobaki kabla ya chakula cha mchana. Saa saba nikamletea maji. Nikamkuta amesimama ameegemea mpini, uso mwekundu, ngozi ya moto, ananiuliza maswali yasiyoeleweka. Aliniita kwa jina la dada yake. Nilidhani anatania, kisha nikaona macho.

Tulimvuta mimi na kijana wetu mpaka kivulini, tukamvua shati, tukammwagia maji mwili mzima na kumpepea kwa sinia, huku jirani akitafuta gari. Hospitalini wakasema tulifanya vema kuanza kumpoza palepale. Mtu akichanganyikiwa kwa joto, hiyo ni dharura: unampoza na kuita msaada kwa pamoja, na kama hana fahamu sawasawa usimnyweshe kitu, kitampalia.

Alipona, namshukuru Mungu. Lakini nyumba yetu ilibadilika. Kazi ya shamba inaanza saa kumi na mbili asubuhi na saa nne jembe liko ukutani. Mchana ni kivulini: tunachambua maharage, tunafunga mafungu ya vitunguu, mtoto anasoma kwa sauti, mwingine analala kwenye mkeka. Saa kumi na moja tunarudi kama kuna kilichobaki. Na cha ajabu kazi haijapungua. Nasema hivi kwa dada na kaka wote wenye waume, wake na wazazi wanaosema "namalizia kidogo tu". Mnyang'anye jembe.

#7
Pole sana dada wa #6. Nimesoma mara mbili na nimempigia baba simu.

#8
Nami niseme langu, la maboga. Mtambaa wangu ulijaa uani mpaka ukapanda uzio. Maua tele. Vibunju, yaani maboga machanga, vinatokea, vinafika ukubwa wa yai, vinageuka njano na kudondoka. Nikalaumu mbegu, nikalaumu udongo.

Bibi mmoja jirani akaja saa moja asubuhi, akaniinamisha. Akanionyesha ua lenye kikonyo chembamba kilichonyooka: hili dume. Akanionyesha lenye kibunju kidogo chini yake: hili jike. Akauliza, "Nyuki wako wapi?" Tukasimama kimya. Hakukuwa na hata mmoja. Nilikuwa napulizia dawa ya wadudu asubuhi, saa ileile maua yako wazi. Nilikuwa nawaua wale wanaonifanyia kazi.

Akachuma ua dume, akachana petali zake, akabaki na kijiti chenye chavua ya njano, akakipaka ndani ya ua jike taratibu kama anayempaka mtoto dawa ya macho. Tukafanya maua sita. Maboga matano yalikua. Ifanyike asubuhi, maana ua jike likishafunga mchana halifunguki tena.

Dawa niliiacha kabisa kwenye maua. Nikaweka sahani pana ya maji yenye kokoto ndani, nyuki watue bila kuzama. Siku ya kwanza hawakuja. Baada ya wiki kama mbili walikuwa wanapanga foleni pembeni ya kokoto, tumbo likipanda na kushuka wanapokunywa.

#9
Hiyo sahani ya #8 msiisahau kubadilisha maji! Kwetu tulisumbuliwa na mbu kiangazi kizima, tunapulizia chumbani, tunafukiza, wapi. Binti yangu ndiye aliyegundua, alikuwa anachezea kisahani chini ya chungu cha maua akaniita, "Mama, kuna vitu vinacheza." Viluwiluwi. Nikazunguka nyumba nikapata sehemu tisa: visahani, ndoo yenye ufa, tairi, kifuniko cha pipa, hata mkunjo wa turubai. Kwenye joto mbu anatoka yai mpaka kuruka kwa siku saba hadi kumi hivi, kwa hiyo ukimwaga na kusugua kila wiki unamkata kabla hajaota mbawa. Sasa Jumamosi asubuhi ni kazi ya binti, anazunguka na kikapu chake anapindua kila kitu. Tenki tumelifunika kwa wavu.

#10
Mimi mleta uzi. Nashukuru sana, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Nina swali moja limebaki: matango yangu mwaka huu ni machungu. Mengine nakula, mengine natema. Nifanyeje?

#11
Mkuu, yangu yalikuwa hivyohivyo. Tango likipata shida ya maji kwenye joto linajaza uchungu, na uchungu huo hukaa zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda. Kata upande wa kikonyo kipande kizuri, menya, onja kidogo kwanza. Likiwa chungu sana usile, tupa kwenye mboji, linaweza kukuvuruga tumbo. Yaliyobaki mtini yape maji kwa mpangilio uleule uliozipa nyanya zako, uyatandazie nyasi, na uchume yakiwa bado madogo, yasikae mpaka yawe njano. Mimi nilipofanya hivyo, yaliyoanza kutunga baadaye yalikuwa matamu. Ukiweza, yawekee kivuli chepesi cha neti kuanzia saa sita hadi saa tisa.

#12
Kwenye hiyo neti, iinue juu ya mmea angalau hatua moja ya mguu, hewa ipite. Mimi niliilaza juu ya majani, ikashika joto kuliko jua lenyewe. Nguzo nne za miti na kamba vinatosha. Kesho nikiamka nitawapimia urefu wa zangu.