Naomba ushauri: kaseti ya Agitation Free, Köln 1974

Habari zenu wakuu. Nimeachiwa na rafiki kaseti ya Agitation Free, ile bendi ya Berlin Magharibi iliyozuru Misri, Lebanoni na Ugiriki mwaka 1972. Kwenye kasha kumeandikwa "Köln 74" kwa kalamu, basi.

Onyesho lao la Köln, mji wa Ujerumani, la 1974 lilishatoka kwa CD mwaka 1998, At the Cliffs of River Rhine, kwa hiyo nikalinganisha. Magitaa yanafanana mno, ila kaseti yangu inakimbia, sauti imepanda karibu nusu toni. Nimeishusha kwa programu ya kompyuta: mwanzo unaoana, baada ya dakika chache kaseti na CD zinaachana. Na hawa jamaa walikuwa wakibuni papo hapo jukwaani, hivyo wimbo kuwa ule ule hakuthibitishi kuwa ni onyesho lile lile.

Wenye uzoefu wa kanda za zamani nisaidieni: kuachana huko kunatokana na kinasa kisicho na spidi thabiti, au hili ni onyesho jingine kabisa? Na nitumie alama gani kuhakiki, makofi ya watazamaji au mapigo ya ngoma?