Naomba ushauri: Smith & Wesson ya polisi, mtutu ni wake au ulikatwa?

Wakuu, habari zenu. Nipo Marekani. Baba mkwe, polisi mstaafu, amenipa bastola ya silinda ya Smith & Wesson, nami nataka historia yake iandikwe sawasawa kabla haijaenda kwa wanangu.

Namba yake inaanza na V, basi ni toleo la Victory, zile za wakati wa vita, 1942 hadi 1945. Kitako kina pete ya kamba. Tatizo ni mtutu. Nyingi zilizopelekwa Uingereza zilikuwa na mtutu wa inchi 5 na risasi fupi, nene kidogo, ya .38 S&W. Za Wamarekani zilikuwa za .38 Special, nyingi inchi 4. Hii ni inchi 4, ila ina mihuri ya ukaguzi ya Kiingereza, na .38 Special inazama mpaka mwisho kwenye matundu ya silinda! Nahofia mtutu ulikatwa, na matundu ya silinda yakatobolewa upya ili yaingie risasi hii ndefu, baada ya vita. Matundu ya namna hiyo hubaki mapana nyuma, ganda likavimba au kupasuka. Siipigi kabisa.

Namba za kitako, silinda na chini ya mtutu zinafanana. Je, hilo linatosha kuthibitisha kwamba mtutu haukukatwa? Mtutu ukikatwa, kilengeo cha mbele hupachikwa upya; mwenye picha za karibu za kilengeo hicho, cha kiwandani na kilichopachikwa upya, tafadhali aziweke.