Naomba ushauri: niongeze boksi la spika ya inchi 15 au za inchi 10 kwenye amplifaya ya besi?

Wakuu, heshima kwenu. Napiga gitaa la besi kwenye bendi ya watu watano, na mpiga dramu wetu hajui neno taratibu. Amplifaya yangu inatoa wati 300 kwenye boksi la omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme wa spika) na wati 500 kwenye omu 4, na chini ya omu 4 hairuhusu. Boksi ninalo moja tu, la omu 8, lenye spika mbili za inchi 10.

Mazoezini linatosha. Tukipiga sehemu ya wazi nazama kabisa. Nikiongeza besi, spika zinaanza kukoroma na bado mpiga solo analalamika hanisikii. Nimegundua nikipunguza besi na kupandisha sauti za kati nasikika vizuri zaidi, ila mlio unakosa uzito.

Sasa nataka boksi la pili la omu 8, ili yakiunganishwa sambamba yawe omu 4. (Waya wa spika ninao, situmii wa gitaa, msinigombeze.) Hapo ndipo nakwama. Mmoja ananiambia nichukue spika moja ya inchi 15, mwingine anasema kuchanganya maboksi tofauti kunaweza kufanya baadhi ya sauti zifutane, heri nitafute pacha wa hili nililonalo. Naegemea kwa huyu wa pili, ingawa ile 15 inanitamanisha.

Mliowahi kuchanganya, ilikuwaje jukwaani? Na kuyapandanisha wima kunasaidia kweli?