Mashine ya kunyonya vumbi iwake yenyewe nikiwasha msumeno, inawezekanaje?

mninga_mkavu:
Wakuu habari za jioni. Nina kibanda cha useremala nyuma ya nyumba, kuna msumeno wa meza hp 2, randa ya mashine na kamashine kadogo ka msasa. Nimepata mashine ya kunyonya vumbi ya mtumba, ile yenye mfuko juu na mfuko chini, mota 1.5 kW, nimeivutia bomba za PVC inchi 4 mpaka kila mashine. Shida swichi yake iko kona ya mbali, nikitaka kukata kipande kimoja naona uvivu kwenda kuiwasha nakata hivyohivyo, jioni ni chafya tu na mama watoto analalamika unga umefika mpaka kwenye vyombo. Nataka nikiwasha mashine yoyote hiyo ya vumbi iwake yenyewe, nikizima izime. Kuna aliyefanya bila gharama za ajabu? Umeme najua kiasi, sio wa kusomea.

FundiWaya:
Inawezekana mkuu. Unahitaji kitu cha kuhisi kwamba mashine imeanza kuvuta umeme. Kuna sensa za kubana kwenye waya, unaifungua kama kibanio cha nguo unaweka waya wa laivu ndani unaifunga. LAIVU PEKE YAKE, ukipitisha laivu na nyutro pamoja zinafutana sensa haisomi kitu, ndo maana ukibana kebo nzima ya mashine hupati chochote, afu mtu anasema kauziwa mbovu. Kama hutaki mambo ya programu tafuta ile aina ambayo mkondo ukipita inafunga swichi yenyewe, hiyo swichi unaipeleka kwenye taima ya kuchelewa kuzima, taima inavuta kontakta (swichi kubwa inayojifunga yenyewe ikipewa umeme), kontakta ndo inawasha mota. Ukipenda kuchezea Arduino au ESP32, vile vibodi vidogo vya kompyuta unavyoviandikia programu, chukua sensa ya kubana iitwayo SCT-013 ya 30A, inatoa volti 1 ikifika 30A. Sasa kamashine ka msasa kanavuta labda 1A tu, sensa inaona kidogo sana, dawa yake zungusha ule waya wa laivu mara 5 ndani ya sensa, itasoma mara 5.

Na tafadhali usiwashe mota kwa zile rilei (swichi za umeme) ndogo za bluu zilizoandikwa 10A. Hiyo 10A ni ya pasi na taa, mota ya 1.5 kW ikikimbia inavuta kama 8 au 9A lakini sekunde ya kuwaka inaruka mara 5 mpaka 7 ya hapo, miguu ya rilei inaungana na haiachii tena. Weka kontakta ya kazi ya mota pamoja na ovalodi yake, kile kinachokata umeme mota ikizidiwa.

mninga_mkavu:
Nimekupata kiongozi. Hiyo kuchelewa kuzima ya nini, si izime tu?

FundiWaya:
Mbili. Moja, ukizima msumeno maranda bado yako njiani kwenye bomba, ikizima papo hapo yanalala humo na kesho yanaziba. Sekunde 10 zinatosha kwa bomba fupi. Pili, mota za fezi moja zenye kapasita hazipendi kuwashwa zima washa zima, zinachemka, kwahiyo ukiwa unakata vipande mfululizo weka hata 30 iendelee tu kuzunguka. Na kuwaka pia ichelewe sekunde 1 au 2 baada ya msumeno, zisigombanie kuwaka pamoja breka ikaanguka. Zote mbili zikikimbia ni karibu 17 au 18A, usithubutu kuzichomeka soketi moja ya 13A, kila moja na saketi yake.

mzee_wa_randa:
Vijana mnapenda mambo magumu. Mwenye bomba za kwenda mashine tatu lazima awe na vigeti vya kufunga, la sivyo hewa inagawanyika na hakuna mashine inayonyonywa vizuri. Maranda yanataka hewa ikimbie kama mita 20 kwa sekunde, kwa inchi 4 hiyo ni karibu mita za ujazo 590 kwa saa kwenye tundu MOJA. Basi kwa kuwa geti utalifungua kwa mkono kila siku, weka swichi ndogo ya kubonyea pale kwenye geti, likifunguka kontakta inavuta, likifungwa inaachia. Hakuna sensa hakuna kompyuta. Kontakta ichukue ya koili (ile sumaku ya ndani inayoivuta) ya volti 24 ili zile nyaya ndogo za kwenye mageti zisibebe 230.

FundiWaya:
Mzee hiyo safi, tena inamlazimisha kufunga mageti mengine. Ubaya ukisahau geti wazi ukaenda kula, inanguruma na LUKU inaisha.

dada_msasa:
Mimi nauliza mifuko, maana wote mnaongelea waya. Mifuko mingi ya hizo mashine inashika vumbi la kuanzia maikroni 30 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), lile laini la chini ya 10 ndo linaloingia mapafuni na hilo linapita kwenye kitambaa linarudi bandani, yaani utakuwa umejitengenezea mashine ya kulipeperusha tena inawaka yenyewe. IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, imeliweka vumbi la mbao kundi la 1 la visababishi vya saratani tangu 1995, na wanaopasua mvule wanajua macho na ngozi inavyowasha. Tafuta mfuko wa maikroni 1, ikishindikana itoe mashine nje ya banda uijengee kibanda chake, na barakoa uvae tu, hasa kwenye msasa.

mninga_mkavu:
Ahsanteni sana. Kuitoa nje naweza, kuna nafasi upande wa tenki. Nimeamua sensa. Swali la mwisho FundiWaya, badala ya sensa tatu siwezi kubana moja kwenye waya mkubwa unaoingia bandani?

FundiWaya:
Ukibana hapo itasoma mpaka mashine ya vumbi yenyewe, ikishawaka inajishikilia na haizimi mpaka uchomoe. Taa na feni nazo zitaivuruga. Vuta saketi ya mashine za kukatia peke yake, bana laivu ya hiyo, ya vumbi ipite kwingine kabisa. Hapo moja inatosha.