TV inatoa sauti lakini haina picha: nitengeneze au ninunue nyingine?

Mleta uzi
Habari zenu wakuu. Nina TV bapa ya LED, inchi 32, imetutumikia miaka mingi. Juzi tukiwa kwenye taarifa ya habari picha ikakata ghafla, sauti ikabaki. Nikiizima na kuiwasha, kioo kinawaka mara moja halafu giza. Fundi kaniambia kioo kimekufa, niitupe. Baba hataki hata kusikia, ndiyo TV aliyoizoea. Naombeni ushauri.

Fundi Saketi
Pole sana. Usikubali kwamba kioo kimekufa mpaka ujaribu hivi: iwashe, zima taa za chumbani, kisha sogeza tochi karibu kabisa na kioo uimulike kwa ubavu. Ukiona picha hafifu inacheza humo ndani, kioo ni kizima, kilichokufa ni taa za nyuma yake. Taa hizo mara nyingi zimeungwa mfululizo, kwa hiyo ikiungua moja mstari wote unazimika. Huko kuwaka mara moja kisha giza ndiyo dalili yenyewe, saketi ikigundua hitilafu inajikatia umeme.

Mama Wawili
Na wakikufungulia, badilisha taa zote. Yangu ilibadilishwa ile moja tu iliyoungua, haikuchukua muda nyingine zikafuata. Si zina umri mmoja!

Kaka Mkubwa
Mimi ningenunua mpya. TV ya zamani leo taa, kesho bodi ya umeme, na vipuri vyake kuvipata ni kazi.

Fundi Saketi
Kaka, nakubaliana nawe kama kioo kimepasuka. Hapo hakuna cha kutengeneza, kioo peke yake kinakaribia bei ya TV nzima. Hata mistari ya wima isiyotoka, mara nyingi ugonjwa uko kwenye kioo. Ila taa na kapasita zilizovimba (vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme kwenye bodi) ni matengenezo ya kawaida, sioni sababu ya kutupa kitu kizima kwa ajili hiyo.

Jirani Mwema
Samahani kwa kudandia uzi. Yangu ni ya chogo, haiwaki kabisa. Naweza kuifungua mwenyewe?

Fundi Saketi
Usithubutu ndugu yangu. Bomba la picha linaweza kubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mpe anayejua kuutoa huo umeme kwanza.

Mleta uzi
Nimemulika. Picha ipo! Maandishi ya habari yanapita chini kabisa, hafifu lakini yanasomeka. Baba kafurahi mno. Natafuta fundi mwingine, nitamuuliza bei ya seti nzima ya taa.

Fundi Saketi
Safi sana. Muulize pia kama amewahi kutoa kioo, maana ili kuzifikia taa ni lazima kiinuliwe, na ni chembamba mno, wengi hukivunjia hapo. Akimaliza, ingia kwenye mipangilio ushushe mwanga wa nyuma. Ukiuacha juu kabisa muda wote, taa zinapata joto na kuungua mapema.