Majani ya njano kwenye mchanga wa kisiwani: ni maji au ni udongo?

MchangaMtupu
Habari zenu wakulima. Tunaishi kisiwa kidogo, nyumba ipo karibu na ufukwe, na shamba langu ni uwanja wa nyuma: mchanga mweupe wa matumbawe. Bamia na nyanya zinaota vizuri, ila majani machanga yanatoka njano huku mishipa imebaki kijani. Maharage ndiyo kabisa, kingo za majani zinaungua kisha yanapukutika. Kila jioni namwagilia kidogo kidogo maji ya kisima, ambayo ukiyaonja yana chumvi kwa mbali. Natamani pia mrehani na nanaa mlangoni pa jiko. Nianzie wapi?

JembeLaZamani
Mwaga majivu ya jikoni, kaka. Mbolea ya bure hiyo.

BiKitalu
Majivu hapana! Samahani Jembe, kwenye udongo wenye tindikali ningekuunga mkono. Mchanga wa matumbawe ni chokaa tupu, pH yake (kipimo cha tindikali, 7 ni katikati na juu ya hapo ni uchokaa) mara nyingi ni 8 na ushei, na majivu yataipandisha zaidi. Njano yenye mishipa ya kijani kwenye majani machanga ni njaa ya madini ya chuma. Chuma humo ni haba, na hicho kidogo kilichopo hakiyeyuki penye chokaa. Ndiyo maana misumari yenye kutu wanayofukia watu haisaidii kitu. Salfeti ya chuma nayo ukiimwaga ardhini inafungwa vilevile. Ichanganye iwe nyepesi sana, unyunyizie majani jua likishapoa. Huo ni msaada wa muda tu. Shimo lijaze mboji kabla hujapanda, na usichoke kuongeza, maana mchanga unaimaliza haraka.

Maharage yana kesi yake: chumvi. Yeye, karoti na kitunguu hawaiwezi. Nyanya huvumilia zaidi, na biti humshinda nyanya. Panda kunde mahali pa maharage, utapata mboga ya majani na punje.

Halafu huo umwagiliaji wa kidogo kidogo uache. Maji yanakwenda hewani, chumvi inabaki juu. Mwagilia kwa wingi mara moja, shinani na siyo majanini, ili chumvi ishuke chini ya mizizi, kisha funika kwa matandazo mazito.

Na tafadhali mwanangu, usije ukachimba kisima zaidi kwa kufuata maji matamu! Chini ya kisiwa maji ya mvua yanaelea juu ya maji ya bahari. Kwa kadiri, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini yake, kwa hiyo yakishuka kidogo tu kisimani, bahari inapanda sana. Teka kwa ndoo, pole pole. Pampu kubwa ndiyo inayoivuta.

MchangaMtupu
Ahsante sana bibi. Na mrehani je?

BiKitalu
Weka kwenye ndoo iliyotobolewa chini, mboji nusu na usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) nusu, maji ya mvua peke yake. Paa la mita za mraba 20 likipata mvua ya milimita 10 linakupa karibu lita 200, ukitoa yanayopotea. Nanaa ipe ndoo yake, ni mnyang'anyi.

UpepoWaKusi
Ongezea kizuizi cha upepo. Makuti au wavu wenye nafasi ni bora kuliko ukuta mzima, maana upepo ukigonga ukuta unaruka na kuanguka upande wa pili kwa vurugu. Majani ukiona yana chumvi ya bahari, yasuuze kwa maji ya mvua asubuhi.

MchangaMtupu
Makumbi ninayo tele, ila yamekaa ufukweni siku nyingi. Yanafaa kwa usumba?

BiKitalu
Yanafaa, ila yameshakunywa bahari. Yapondeponde, yaloweke maji ya mvua, kamua, badilisha maji, rudia mpaka ukionja yale maji husikii chumvi. Mwani uliotupwa ufukweni nao vivyo hivyo, acha unyeshewe kwanza ndipo uutandaze.